Mofolojia

Mofolojia ni elimu ya maumbo. Neno hili lenye asili ya Kiyunani, ambalo Goethe alilitumia kwa maumbo ya mimea na wanyama, lilihamishiwa katika elimu ya lugha na August Schleicher mwaka 1859, na tangu hapo maana yake mashuhuri ni uchunguzi wa namna neno linavyojengwa kwa viungo vyake.

Msemaji wa Kiswahili, ambaye kwa tamko moja kama *hatukumwona* hukusanya ukanushi, watenda, wakati na mtendwa, akifika Arua, nchini Uganda, aweza kudhani kwamba Kilugbara, lugha ya huko, hakina sarufi, kwani mtoto ni *mva* na watoto ni *anzi*, maneno mawili yasiyo na shina moja. Dhana hiyo ni batili. Kazi ifanywayo kwetu na viambishi, huko hufanywa na kidatu cha sauti na mpango wa maneno: tendo likiwa limetimia, kitenzi hutangulia kitendwa, likiwa halijatimia, kitendwa hutangulia kitenzi.

Koboko, kaskazini ya Arua katika nchi ya Wakakwa, mambo ni mengine. Kikakwa, ambacho ni ndugu wa Kibari cha Sudan Kusini, hupachika silabi mwishoni mwa jina, mara kuonyesha wingi na mara, la ajabu zaidi, kuonyesha umoja, ambapo wingi ndio asili na mmoja ndiye anayehitaji alama.

Tena wako Wanubi, dhuria wa askari wa Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, ambao Lugard, ofisa Mwingereza, aliwachukua mwaka 1891 akawaleta Uganda. Lugha yao imetoka katika Kiarabu, lakini ile hila ya Kiarabu ya kufuma irabu ndani ya konsonanti tatu, ambayo kwayo sisi tumerithi *kitabu*, *katibu* na *maktaba*, wao wameiacha, wakashika vijineno vinavyotangulia kitenzi: *ana gi rua*, ninakwenda, *ana bi rua*, nitakwenda. Wanaokiita Kinubi Kiarabu kilichoharibika hawahukumu kwa insafu, maana kanuni yake ni thabiti, na atakayetia *gi* mahali pa *bi* atakuwa amesema kwamba yumo njiani, hali safari yake ni ya kesho.