Tembe la bibi na msimu wa kujenga

Wadau, nimerudi jana kutoka Dodoma kumsalimia bibi, vumbi bado liko kwenye viatu. Nimekuta ukoo unabishana: tembe lake libomolewe au libaki?

Wengi tuliosoma tunaliona tembe kama alama ya umaskini. Hebu turudi nyuma kidogo. Ugogoni mvua ni ya Desemba hadi Aprili, basi. Mavuno yakiisha, baridi na upepo wa Juni vikianza, jembe linapumzika na mikono inahamia kwenye ujenzi. Zamani nguzo zilikatwa, majirani wakaitwa, pombe ikapikwa, paa likapandishwa udongo. Fito zikasukwa kuwa vihenge, vikakandikwa, vikatunza mtama na uwele kwa ajili ya mwaka wa njaa. Hata paa bapa lilikuwa na akili yake: mvua ni haba, na juu yake nafaka iliweza kuanikwa.

Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma. Watu wakahamishiwa vijijini, Mwalimu Nyerere mwenyewe akafyatua matofali Chamwino. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, maji. Lakini tembe likageuka aibu.

Sasa baba mdogo anataka bati. Kweli, bati halihitaji kukandikwa kila mwaka, ila linataka fedha; tembe lilitaka majirani. Bibi kauliza swali moja tu: "Mtama wangu nitauanika wapi?"

Mimi na digrii yangu nikakosa jibu. Kikao kimeahirishwa. Nyie mnasemaje?