Hariri ya Mwituni na Hukumu Yake

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Wengi wetu tukisikia hariri humfikiria kiwavi mmoja tu, afugwaye kwa majani ya mforosadi. Lakini wapo viwavi wa mwituni watoao hariri pia. Kaskazini ya Nigeria, Wahausa huiita hariri hiyo tsamiya, ambalo pia ni jina la mkwaju, mti ambao viwavi hao hula majani yake. Wayoruba hufumia nguo yao iitwayo sanyan. Heinrich Barth, msafiri wa Kijerumani aliyefika Kano mwaka 1851, aliitaja. Viwavi hawa, wa jamii ya Anaphe, hujenga kiota kimoja kwa pamoja. Kiota huchemshwa, kisha nyuzi husokotwa kwa mkono mfano wa pamba. Rangi yake ni ya kahawia, haing'ari.

Hapo ndipo huingia shubha: je, nguo isiyong'ara, tena ya porini, ni ile ile hariri iliyoharamishwa kwa wanaume?

Tunasema: mafaqihi walikwisha kulizingatia jambo hili. Wanachuoni wa Kishafi walitofautisha ibrisam na qazz. Ibrisam ni ile inayofunguliwa baada ya mdudu kufia ndani; qazz ni ile aliyoitoboa akatoka hai, na rangi yake imefifia. Pamoja na tofauti hiyo, zote mbili walizihesabu kuwa hariri, haramu kwa mwanamume na halali kwa mwanamke. Kinachozingatiwa, basi, ni asili ya uzi, si mng'ao wake.

Ama nguo iliyochanganywa, Imam Nawawi (Allah amrehemu) ameeleza katika Minhaj kuwa ni haramu ikiwa uzito wa hariri umezidi. Ukipungua ni halali, na hata ukilingana, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kwa Wamaliki, ambao ndio wengi Nigeria, ipo khitilafu, na wapo waliosema ni makuruhu.

Kinyume chake, kitambaa cha rayoni hung'ara na huitwa hariri madukani, nacho hutokana na miti. Hicho hakiingii katika katazo.

Suala hili haliko mbali nasi. Viwavi wa Anaphe wapo pia katika msitu wa Kakamega, Kenya, ambako wanavijiji wamefundishwa kuwafuga kwa ajili ya nyuzi. Basi anayenunua kanzu au kilemba asitosheke na kutazama. Aulize uzi umetoka wapi, na ni kiasi gani. Na maimamu wasiharakishe kumlaumu mtu kwa nguo inayong'ara, wala kunyamazia isiyong'ara, kabla ya kuuliza.

Wallahu a'lam.