Karema: Ngome Iliyoachwa na Ziwa

Ukitoka Ilembo, Mpanda mjini, barabara ya Karema inaelekea magharibi zaidi ya kilomita mia moja hadi Ziwa Tanganyika. Siku hizi wengi wanaifuata kwa ajili ya bandari mpya. Wananunua migebuka na dagaa, wanageuza gari. Laiti wangeshuka wakatembea kijijini kwa miguu! Uingereza watu hufunga safari makusudi kwenda kutembea vijijini na kutazama makanisa ya kale. Sisi tuna Karema, na hatuendi.

Kapteni Cambier, Mbelgiji, alifika hapa mwaka 1879 kujenga kituo cha jumuiya iliyoundwa na Mfalme Leopold II miaka mitatu kabla. Alichagua mahali pa juu, karibu na maji. Kumbe ng'ambo ya ziwa Mto Lukuga ulikuwa umeshazibuka na kuyamwaga maji kuelekea Kongo. Ziwa likashuka mwaka hadi mwaka, na ngome iliyojengwa ufukweni ikabaki nchi kavu. Leopold naye akaelekeza macho yake Kongo, na mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe.

Hapo ndipo historia ninayoipenda inapoanza. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, pande za Mto Niger. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walimkomboa Algeria, na baadaye akapelekwa Malta kusomea utabibu. Alitia mguu Karema mwaka 1889, kijana wa miaka ishirini na ushee, katika nchi ambayo misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita. Akaoa hapa, akalea hapa. Alitibu wagonjwa wa mwambao huu chini ya Mjerumani, kisha chini ya Mwingereza, hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 ya kazi, na aliyeifanya ni mtu aliyewahi kuuzwa kama bidhaa.

Karema ilizaa mengine pia. Askofu Lechaptois aliasisi hapa shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika mwaka 1907, na jimbo zima liliitwa Karema kabla ya kuitwa Sumbawanga.

Wanafunzi wetu wa Mpanda wanamjua Leopold kwa sababu yumo kwenye mtihani. Wapandishwe basi asubuhi moja, wapelekwe Karema wasimuliwe habari za Atiman palepale alipofanyia kazi. Kaburi lake liko huko.