Mkongo na Mikono: Wanafunzi Viziwi na Mawasiliano ya Mbali Mombasa

Kisiwa cha Mombasa kimekuwa mlango wa habari za mbali tangu enzi za majahazi yaliyoshusha barua pamoja na shehena katika bandari ya Mji wa Kale, na nafasi hiyo iliimarika mwaka 1890, pale mkongo wa telegrafu, yaani waya uliolazwa chini ya bahari ili kupitisha ujumbe kwa alama za umeme, ulipokiunganisha na Unguja. Historia hiyo huandikwa kana kwamba kila chombo kipya kiliwafaa watu wote kwa kiasi kimoja, jambo lisilo kweli hata kidogo kwa viziwi. Simu ya sauti ilisajiliwa mwaka 1876 kwa jina la Alexander Graham Bell, mwalimu wa viziwi aliyezaliwa na mama kiziwi na kuoa mke kiziwi, lakini iliwaacha nje wale wale aliowafundisha.

Nchini Kenya, elimu ya viziwi ilipata sura rasmi baada ya Kenya Society for Deaf Children kuundwa mwaka 1958, zikafuata shule za Nyang'oma na Mumias mwaka 1961, zote upande wa magharibi. Pwani nayo ikaja kuwa na shule zake, zikiwamo Ziwani kisiwani Mombasa, Kibarani ya Kilifi na ile ya Kwale. Kwa kuwa shule ni chache na makazi yametawanyika, watoto wengi hawana budi kukaa bwenini. Mzazi wa mtoto asikiaye aliweza kupiga simu shuleni akazungumza na mwanawe, ilhali mzazi wa kiziwi alisimuliwa habari za mwanawe na mwalimu. Ujumbe mfupi wa simu ya mkononi uliwafaa waliokwisha kujua kusoma, si watoto wadogo, ambao ndio wanaowakumbuka zaidi wa kwao.

Mabadiliko yaliingia kwa mlango ule ule wa bahari. Juni 2009, mkongo wa TEAMS, wa nyuzi za kioo zinazosafirisha habari kwa mwanga, ulifikishwa ufukweni karibu na Fort Jesus ukitokea Fujairah katika Falme za Kiarabu, umbali wa takriban kilomita 5,000, na utegemezi wa setilaiti kwa mtandao wa intaneti ukapungua. Kwa viziwi hilo lilikuwa jambo kubwa, kwani lugha ya ishara hutumia uso, mabega na mwendo wa mikono kwa pamoja, hivyo huhitaji picha nyingi kwa sekunde ili isomeke vizuri, na picha inayokwama huikata sentensi. Novemba 2016 WhatsApp iliongeza simu ya video, na mazungumzo hayo yakawezekana kwa simu janja ya kawaida.

Hata hivyo, zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wa wazazi hao hawajafundishwa Lugha ya Ishara ya Kenya, ingawa Katiba ya 2010 inaitaka dola iikuze. Kwa familia kama hizo kioo cha simu huonyesha sura bila kuleta mazungumzo, na kasoro hiyo ni ya elimu ya wazazi, wala si ya mkongo. Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mwelekeo uligeuka: mtoto alirudi kwa jamaa zake lakini akatengana na wenzake na walimu wanaoijua lugha yake, na simu ya video ndiyo iliyoweza kumfikisha kwao, mradi nyumbani pawe na simu janja na fedha za kununulia bando.