Jioni ya Ahmedabad na Jina la Sidi

Ahmedabad, mji mkongwe wa jimbo la Gujarat nchini India, una historia mbili za Waafrika. Ya kwanza ni ya askari na wakuu wa dola wa karne ya 15 na ya 16, wengi wao kutoka Pembe ya Afrika, walioacha misikiti. Ya pili ni ya watu waliotoka pwani ya Afrika Mashariki na bara yake katika karne zilizofuata, hasa ya 19, ambao hawakuacha jengo lolote. Historia zote mbili zimefungwa katika jina moja, Sidi. Matembezi ya jioni wanayouziwa watalii mjini humo husimulia ile ya kwanza, tena kwa mapenzi makubwa. Na kwa kuwa jina ni lile lile, msikilizaji huondoka akiamini kwamba amesikia yote. Sisi tunaosoma na kuandika kwa Kiswahili tuna deni la kuzitenganisha, hata kama, kama itakavyoonekana, Masidi wenyewe hawakutaka zitengane kabisa.

Matembezi ya kihistoria si jambo geni Ahmedabad. Manispaa ilianzisha ya asubuhi mwaka 1997, yakianzia kwenye hekalu la Swaminarayan na kuishia Msikiti wa Ijumaa. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mji mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia, ukiwa mji wa kwanza wa India kupata heshima hiyo, na tangu hapo wanaoongoza wageni wameongezeka. Ya jioni yana sababu yake ya wazi: joto la kiangazi hupita nyuzi 40, na hakuna mwenye akili timamu anayesimama juani kusikiliza habari za masultani. Lakini yana sababu nyingine pia. Giza huficha nyaya za umeme zilizosukana juu ya vichochoro, huficha plasta iliyobanduka, na taa chache zilizowekwa mahali pake huamua mgeni atazame nini. Mchana mji hujionyesha wenyewe. Jioni huonyeshwa.

Kundi letu lilikuwa na watu kumi na mmoja, wengi wao Wagujarati wa Uingereza waliokuja harusini. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Mombasa na sasa mkazi wa Leicester, aliyenisikia nikizungumza kwa simu na kunigeukia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, mwanangu, na kuanzia hapo akaniweka ubavuni mwake kama mkalimani wa mambo asiyoyaamini.

Tulianzia Lal Darwaza, kwenye msikiti wa Sidi Said, dakika chache kabla ya jua kuzama. Saa hiyo imechaguliwa kwa ustadi. Huko India kibla ni upande wa magharibi, kwa hiyo ukuta wa kibla ndio unaopokea jua la mwisho; na katika ukuta huo, juu, mna madirisha ya nusu duara yaliyozibwa kwa vimia vya mawe. Jiwe la mchanga limetobolewa hadi limekuwa kama kitambaa. Kimoja kati ya vimia hivyo kinaonyesha mti ambao matawi yake yanapindana na kusokotana mpaka jicho linapoteza lilikoanzia, na mitende imesimama katikati yake. Mti huo umekuwa alama ya mji mzima. Unauonekana kwenye mabango na kwenye vikombe vya kumbukumbu, na nembo ya chuo maarufu cha menejimenti cha Ahmedabad ilichotwa humo. Huwezi kuuona mwanga wa machweo ukipenya pale usinyamaze kidogo, na mimi nilinyamaza.

Kisha kiongozi wetu, kijana mchangamfu mwenye hadithi nyingi, akasema kwamba mjenzi wa msikiti alikuwa mtumwa kutoka Afrika, labda Zanzibar. Mama akanigeukia. "Kweli, mwanangu? Huyu alikuwa wa kwetu?"

Hakuwa. Sidi Said anaitwa katika maandishi ya Kiarabu al-Habshi, Mhabeshi. Tunamfahamu kwa sababu Gujarat ilipata bahati ambayo miji mingi ya pwani yetu haikuipata: mwandishi wa tarehe aliyeishi ndani ya nyumba za wakuu wa Kihabeshi. Huyo ni Abdallah Muhammad al-Makki, ajulikanaye kama Hajji al-Dabir, katibu wa amiri wa Kihabeshi aliyeitwa Ulugh Khan. Kitabu chake kikubwa cha Kiarabu juu ya Gujarat kilihaririwa na Denison Ross na kuchapishwa London kwa juzuu tatu kuanzia 1910. Ndani yake Wahabeshi wana majina, ugomvi, mashamba na makaburi. Sidi Said mwenyewe anakumbukwa kama mtu aliyehiji, aliyependa vitabu akakusanya maktaba, na aliyelisha maskini. Alikuwa katika msafara wa Jhujhar Khan, mmoja wa majemadari wa Kihabeshi waliokuwa na nguvu kuliko sultani wa mwisho wa Gujarat, Muzaffar wa Tatu.

Neno "mtumwa" hapa linataka uangalifu. Mahabeshi wengi wa Gujarat walinunuliwa wakiwa vijana, wakafundishwa silaha, wakapanda. Utumwa wa kijeshi katika dola za Kiislamu ulimpa mtu bwana na wakati huo huo ukampa njia: aliweza kumiliki mali, kuongoza vikosi, kumweka na kumwondoa mfalme. Kiswahili chenyewe kinatusaidia zaidi ya Kiingereza cha kiongozi wetu, kwa maana mtumwa kwa asili ni yule anayetumwa, na kutumwa kuna daraja. Aliyetumwa na sultani kuongoza wapanda farasi na aliyetumwa kuchimba mhogo shambani Pemba wanaitwa kwa neno moja, lakini maisha yao hayakufanana.

Msikiti ulijengwa mwaka 980 wa Hijria, yaani kati ya 1572 na 1573. Tarehe hiyo ina uzito wake, kwani Akbar, mfalme wa Mughal, aliingia Ahmedabad mwishoni mwa 1572 na usultani ukaanguka. Jhujhar Khan aliuawa kwa amri ya mfalme huyo mpya. Ukitazama ukuta wa kibla kwa makini utaona kwamba uwazi wa katikati, ambao ungestahili kimia kizuri kuliko vyote, umezibwa kwa mawe matupu. Watembezaji hupenda kusema kwamba Waingereza waliking'oa wakakipeleka kwao. Ni hadithi inayopendeza masikio ya watu waliotawaliwa, na Waingereza kweli walikuwa na mikono mirefu. Waliugeuza msikiti huu kuwa ofisi ya serikali, hadi Lord Curzon alipokuja kulikemea jambo hilo. Lakini maelezo rahisi ndiyo yanayonishawishi: vita vilifika kazi ikiwa haijaisha, na mwenye kuilipia hakuwa tena na dola nyuma yake. Mawe yale matupu ni ushahidi wa tarehe kuliko maandishi yoyote.

Kutoka hapo tulipita ngome ya Bhadra tukafika Teen Darwaza, lango la matao matatu la karne ya 15. Katika upenu wa ukuta wake huwaka taa ndogo. Husimuliwa kwamba Lakshmi, mungu wa kike wa neema, alitaka kuuhama mji usiku. Bawabu Mwislamu akamsihi angoje amwombe mfalme ruhusa, kisha akajiua ili asirudi kamwe, na mungu akafungwa na ahadi yake. Familia ya Kiislamu imeitunza taa hiyo vizazi kwa vizazi. Ni hadithi nzuri, na nafahamu kwa nini husimuliwa kwa sauti ya chini. Mwaka 2002 zaidi ya watu 1,000, wengi wao Waislamu, waliuawa jimboni katika machafuko ambayo mji huu ulikuwa mmoja wa viini vyake. Kiongozi hakuyataja, wala sikumtarajia ayataje mbele ya watu wa harusi.

Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1424 tuliuona kwa haraka. Njaa ilikuwa imeanza kuongoza kundi.

Manek Chowk ni uwanja mmoja wenye kazi tatu kwa siku: asubuhi mboga, mchana vito na dhahabu, usiku chakula. Tulipofika, wauza dhahabu walikuwa wamefunga milango na meza za bati zilikuwa zimetandazwa mpaka karibu na makaburi ya masultani. Hapa mtu wa pwani hahitaji kiongozi. Bajia ni bajia, na chapati ni chapati. Pesa ulizolipia ni neno la huku, na laki ni hesabu ya huku. Bima na hundi tulizipata kwa wafanyabiashara wa upande huu wa bahari, na gunia lililobebea mchele pia. Bajaji zilizokuwa zikipiga honi pembeni zimetuletea jina lake pamoja na magurudumu. Mama alikula kwa furaha, akanieleza kwamba kachumbari ya Mombasa inaishinda ya pale, kisha akauliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu msikitini. "Basi kama Sidi Said si wa kwetu, wa kwetu wako wapi?"

Jibu linaanzia kwenye maneno yale yale tuliyokuwa tukiyala. Maneno hayo yalivuka bahari pamoja na biashara, na biashara ilikuwa na bidhaa. Nguo za Gujarat na shanga za akiki za Khambhat zilifika pwani yetu kwa karne nyingi. Shanga hizo bado huchimbuliwa na wanaakiolojia katika miji yetu ya kale. Upande wa pili zilikuja pembe za ndovu, ambazo sehemu yake ilichongwa bangili za maharusi wa Gujarat na Kachchh. Na walikuja watu. Katika karne ya 19 forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa miongo mingi kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia mwenye asili ya Mundra, Kachchh. Fedha za nyumba kama hizo ndizo zilizokopeshwa misafara ya bara. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza Zanzibar, Rigby, alipowalazimisha Wahindi wa visiwani kuwaacha huru watumwa wao, walioandikiwa hati za uhuru walikuwa maelfu. Nisieleweke vibaya: msafara uliongozwa na Waarabu na Waswahili, na watu waliuzwa na machifu wa Kiafrika, hakuna ukoo wa bahari hii wenye daftari safi. Lakini baadhi ya waliouzwa walifika Gujarat, na hao ndio Mama aliokuwa akiwauliza.

Vizazi vyao wapo. Wanaishi Jambur, karibu na msitu wa Gir, na Ratanpur, kwenye kaburi la Bava Gor, na katika miji kadhaa. Ngoma yao wanaiita goma. Wana upinde wa muziki uitwao malunga na ngoma yenye miguu iitwayo mugarman. Mwanaisimu Abdulaziz Lodhi, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha Uppsala, ameandika juu ya maneno ya Kibantu yaliyosalia vinywani mwao, hasa katika nyimbo, ambako neno hudumu hata maana yake inapokwisha kusahauliwa. Hakuna Mhabeshi wa karne ya 16 aliyeleta neno "goma".

Hapa ndipo utenganishaji wangu unapopata ugumu. Bava Gor, walii wao mkubwa, anasimuliwa kuwa Mhabeshi, na biashara ya akiki inahusishwa na jina lake. Watu walionyang'anywa nasaba walijichagulia babu mwenye heshima, jemadari au mfanyabiashara badala ya mateka, na wakamchezea goma. Mwanahistoria anayekuja na peni nyekundu kuwaambia kwamba babu si wao atakuwa ameelewa hati na kuwakosa watu. Kosa liko kwingine: katika simulizi linalomtukuza Sidi Said mwenye maktaba ili lisiwe na haja ya kumuuliza Sidi wa leo alifikaje. Masidi wametambuliwa miongoni mwa makabila yanayostahili ulinzi wa sheria. Mti wa mawe uko kwenye vikombe.

Mama alisikiliza yote haya huku bajia zake zikipoa. Alisema mjomba wake alikuwa na duka Mombasa, na kwamba nyumbani kwao palikuwa na mpishi mzee ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kwao ni wapi. Halafu akamwita kiongozi wetu na kumuuliza, kwa Kigujarati, kama Masidi wako mjini hapa. Kijana akajibu kwamba wako, Patthar Kuva, si mbali. Nikauliza kama matembezi hufika huko. Akasema hapana; hakuna jengo huko, ni nyumba za kawaida tu, wageni watatazama nini?

Mama akamuuliza bajaji kutoka pale hadi Patthar Kuva ni rupia ngapi.