Kitabu Kilichochelewa Kuvuka Kilombero

Wakristo wa kwanza wa Mahenge na bonde la Kilombero waliipokea imani kwa masikio. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia kutoka Ujerumani walipofungua misheni ya Kwiro mwaka 1902, juu ya milima inayolitazama bonde, Biblia nzima ya Kiswahili ilikuwa imeshachapwa miaka kumi na moja nyuma. Lakini ilikuwa kazi ya Waanglikana wa Unguja, imeandikwa kwa Kiswahili cha pwani, nao Wapogoro, Wandamba, Wambunga na Wabena wa mito walikuwa na lugha zao, na waliojua kusoma walikuwa wachache mno. Aliyetangulia kufika kijijini alikuwa mwalimu. Kitabu kilikuja baadaye sana.

Huyo mwalimu, ambaye leo tunamwita katekista, anastahili heshima kuliko anayopewa. Padre mmoja alikuwa na eneo kubwa kuliko miguu yake, na msimu wa mvua nusu ya bonde hugeuka maji. Katekista ndiye aliyekaa na watu. Alifundisha katekisimu kwa maswali na majibu, darasa zima likiitikia mpaka majibu yakakaa kichwani. Misa ilisomwa kwa Kilatini, mahubiri yakatolewa kwa Kiswahili. Habari za Ibrahimu, Musa na Daudi ziliwafikia watu kwa vitabu vidogo vya hadithi za Biblia vilivyotumika shuleni, vikiwa vimechambuliwa na kufupishwa. Vita vya Majimaji vya 1905 vilipita Mahenge kwa damu nyingi, ikafuata Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakaondolewa, na mwaka 1921 wakaja Wakapuchini wa Uswisi. Hao ndio waliolijenga Kanisa la bonde kama tunavyolijua, pamoja na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara. Lakini hata chini yao utaratibu ulibaki uleule: imani ilipitia kinywani mwa mtu.

Jambo hili lina uzito wake. Muumini aliyefundishwa kwa mdomo tu huipima imani kwa mtu anayemfundisha. Mwalimu akiwa mwema, imani huwa njema. Mwalimu akipotoka, muumini hana pa kwenda kuuliza. Mwanaanthropolojia Maia Green, aliyeishi na Wakatoliki wa Ulanga na kuandika kitabu kuwahusu kilichotoka mwaka 2003, alionyesha jinsi watu walivyouona upadre kama nguvu inayokaa ndani ya mtu na ndani ya vitu anavyobariki. Ni watu haohao waliokuwa tayari, shida ya uchawi ilipowafika, kumfuata mganga anayenyoa nywele ili kusafisha mji. Siwalaumu. Kwa miongo mingi hakuna aliyewawekea Maandiko mkononi na kuwaambia: haya ni yenu, someni.

Wakati huo nje ya bonde Kitabu kilikuwa kinapata Kiswahili chake polepole. Johann Ludwig Krapf aliianza Mwanzo pwani ya Mombasa mwaka 1844. Askofu Edward Steere alitoa Agano Jipya lote kwa Kiswahili cha Unguja mwaka 1879, na Biblia kamili ikatoka 1891, baada ya kifo chake. Steere mwenyewe ameandika kwamba katika miaka yake ya mwanzo Unguja, Sheikh Abdulaziz alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Hilo huwa linanigusa: Mwislamu msomi alimsaidia Mkristo ili maneno ya Daudi yasomeke sawasawa. Mombasa wakatoa Biblia yao ya Kimvita mwaka 1914. Karl Roehl, Mlutheri wa Kijerumani, akishirikiana na Watanganyika kina Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, alitafuta Kiswahili kitakachoeleweka na watu wa bara na akapunguza maneno ya Kiarabu. Biblia yake ilichapwa Stuttgart mwaka 1937. Hatimaye mwaka 1952 ikaja Biblia ya Muungano, iliyokusudiwa isomwe Mombasa, Unguja na bara bila ugomvi wa lahaja. Ndiyo inayonukuliwa mpaka leo na wahubiri wengi, hata wasiojua ilitoka wapi.

Wakatoliki wa Ifakara walibaki pembeni ya kazi hiyo kwa muda mrefu. Kilichofungua mlango ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Tarehe 18 Novemba 1965 ulipitishwa waraka wa Dei Verbum, na sura yake ya mwisho inataka waamini wote wafunguliwe njia pana ya kuyafikia Maandiko, katika tafsiri nzuri za lugha zao. Jimbo la Mahenge, lililoanzishwa mwaka 1964 na kulishika bonde lote mpaka Ifakara ilipopata jimbo lake mwaka 2012, lilikuwa bado changa. Misa ikaanza kusomwa kwa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza bibi wa Mang'ula au mvuvi wa kando ya mto aliweza kusikia Isaya akisomwa kanisani, neno kwa neno, katika lugha anayoijua.

Kusikia ni jambo moja, kusoma ni jingine. Hapo deni letu ni kwa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967, kwa takwimu za serikali, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wazee wakaingia darasani jioni na kalamu, na kufikia 1986 serikali ilihesabu wasiojua kusoma kuwa chini ya 10 katika kila 100. Hata ukizipunguza takwimu hizo kidogo, mabadiliko ni makubwa. Mzee aliyejifunza herufi kwa kitabu cha kilimo bora cha pamba au mpunga alikuwa, bila mtu yeyote kupanga hivyo, ameshapewa ufunguo wa Injili ya Marko.

Ufunguo huo ulipata mahali pa kutumika. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliziweka jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha kazi ya kichungaji. Njia ya hatua saba, iliyobuniwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ikasambaa. Nyumba chache zinakusanyika uani. Mmoja anasoma Injili. Watu wanarudia neno au fungu lililowagusa, bila kuhubiri. Wananyamaza. Inasomwa tena. Kila mtu anasema alichosikia, kisha wanapanga la kufanya, labda kumvunia mgonjwa mpunga wake kabla ndege hawajaumaliza. Katika hatua hizo hakuna mahali pa mtu mashuhuri. Mama asiye na cheo ana nafasi sawa na mwenyekiti. Nasema kwa uchungu kwamba katika jumuiya nyingi leo hatua saba zimebaki mbili: Injili inasomwa mbio, na saa nzima inayobaki ni michango.

Biblia Habari Njema ilikamilika mwaka 1995, Kiswahili chake chepesi, na ikatoka pia na vitabu vya deuterokanoni ambavyo Wakatoliki huvisoma. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere, Mkatoliki mlei, alichapisha Injili na Matendo ya Mitume kwa tenzi. Kiongozi aliyestaafu angeweza kutumia miaka yake kujieleza. Yeye alikaa na Mathayo na Luka akihesabu mizani.

Kanisa Katoliki halikuwa peke yake bondeni. Walutheri walikuwa na kazi yao upande wa Malinyi, pamoja na hospitali ya Lugala. Kiwanda cha sukari kule Kidatu kilivuta wafanyakazi, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita Mang'ula, Ifakara na Mlimba ikawaleta watu wa nyanda za juu na makanisa yao. Baadhi walikuja na moto wa uamsho wa Afrika Mashariki. Uamsho huo una kisa ninachokipenda. Mwaka 1929, kilimani Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa siku mbili na Biblia wakifuatilia pamoja inachosema juu ya Roho Mtakatifu. Hapakuwa na jukwaa wala mkutano. Baadaye Church aliandika mwongozo wa kumsaidia kila mtu kujisomea Maandiko.

Sasa Biblia iko kila nyumba, na kwenye simu iko bure. Hapo ndipo masikio yameturudisha tulikotoka. Kwenye bodaboda, dukani, kwenye mashine za kukoboa mpunga, sauti inayosikika ni ya nabii wa Dar es Salaam au wa Lagos, na mafuta ya upako yanafika kwa basi. Mwaka 2011 nchi nzima ilikimbilia kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa sababu mchungaji mstaafu alisema ameoteshwa. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kuyafikia mafuta yaliyomwagwa chini. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa Shakahola, Kenya, ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge kula ili wakutane na Yesu. Wengi wa watu hawa walijua kusoma.

Chukua fungu moja linalosikika kila wiki, Yeremia 29:11, lile la Mungu kuwa na mipango myema kwa ajili yetu. Hutolewa kama ahadi ya gari, kazi na mchumba kabla ya Desemba. Lakini fungua sura yote. Ni barua kwa wafungwa wa Babeli. Inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuutakia amani mji uliowateka, kwa sababu watakaa huko miaka 70. Kabla ya kuifikia ahadi, aya ya 8 inawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao. Rudi sura moja nyuma umkute mmoja wao, Hanania, amesimama hekaluni mbele ya watu akiahidi kwamba yote yatakwisha kwa miaka miwili, na akiivunja nira shingoni mwa Yeremia ili kuthibitisha. Hanania ndiye aliyekuwa na ujumbe unaopendwa. Anayesikiliza kipande cha dakika tatu kwenye simu hatamjua kamwe. Anayesoma sura mbili mfululizo hawezi kumkosa.

Wapo watakaosema kwamba kumwachia kila mtu Biblia yake ndiko kulikozaa utitiri huu wa makanisa. Kuna ukweli ndani yake. Towashi wa Kushi katika Matendo 8 alikuwa anasoma Isaya garini, na alipoulizwa kama anaelewa alitaka mtu wa kumwongoza. Wakatoliki hufundisha kwamba Maandiko husomwa ndani ya Kanisa, na Walutheri nao wana mafundisho yao ya kipaimara. Mimi sitaki walimu waondoke. Nataka wapimwe, kama watu wa Beroya walivyompima Paulo mwenyewe katika Matendo 17, wakiyachunguza Maandiko kila siku kuona kama anayosema ni kweli. Luka anawasifu kwa hilo. Na Paulo, aliyekuwa mwalimu mashuhuri kuliko yeyote tunayemfuata leo, hakuwaita waasi.

Kwa jumuiya ya Mlimba au ya Kibaoni inayotaka kuanza, kazi yenyewe ni ndogo. Masomo ya Jumapili ijayo yanajulikana. Asome Injili yule aliyekuwa akisoma mbio, mara hii taratibu, mara mbili, pamoja na sura inayotangulia. Michango isubiri dakika 20. Na fungu lolote alilolitaja mhubiri wa redioni wiki ile lisomwe hapohapo, sura nzima, kabla hajatumiwa sadaka kwa simu.