Wazazi Walipoambiwa Wabaki Nje

Desemba iliyopita nilimpeleka binti yangu wa miaka 7 kwenye darasa la likizo la kutengeneza kadi za Krismasi na Mwaka Mpya. Lilikuwa katika ukumbi mmoja hapa jijini, na ada yake haikuwa ndogo. Kila mtoto alikuta mezani manila iliyokwisha kuchorwa nyota. Kazi yake ilikuwa kukata palipochorwa na kupaka rangi palipoelekezwa, basi. Na hata kazi hiyo hatukuwaachia, maana nusu ya mikasi ilikuwa mikononi mwa wazazi. Nami nilikuwa mmojawapo, sikatai. Tuliporudi nyumbani mama yake akaisifu kadi. Mtoto akajibu, "Hiyo ni ya baba."

Jibu hilo lilinikumbusha habari za Victor D'Amico wa New York. Mwaka 1937 mwalimu huyo alikabidhiwa kazi ya elimu katika Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa la jiji hilo. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, akaanzisha tamasha la sanaa la watoto, ambalo kwa miaka mingi lilikuja na msimu wa sikukuu za mwisho wa mwaka.

Kilichowashangaza wakubwa ni mlango wake. Geti lilikatwa kwa maumbo ya watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 12. Mzazi alimfikisha mwanawe hapo, akabaki nje.

Ndani mlikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa na mwanga hafifu na rangi za kutuliza, imewekwa vitu vya kuchezea vilivyobuniwa na wasanii. Hapo mtoto hakuambiwa achore chochote. Alicheza tu, mpaka macho na mikono viamke. Ndipo akaingia karakana, yenye vibao vya kuchorea vya kimo chake na meza zenye karatasi za rangi, manyoya ya ndege, vitambaa na gundi. Walimu walikuwapo, lakini kielelezo cha kuiga hakikuwapo. D'Amico hakuvipenda vitabu vya kupaka rangi, wala mashindano ya kuchora ya watoto. Nadhani nyota yetu ya manila angeitupa dirishani.

Utaniambia, bwana, hayo ni ya Wamarekani wenye fedha zao. Swali la haki. Lakini tamasha hilo lilisafiri: mwaka 1957 lilikuwa Milano na Barcelona, mwaka 1958 kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels, na mwaka 1963 likawa India. Kisha mwaka 1969, mwaka ambao D'Amico alistaafu, likafunguliwa Harlem, mtaa wa Wamarekani Weusi, chini ya msanii Betty Blayton. Hapo ndipo historia hii inaponigusa zaidi, kwa sababu jambo la msimu mmoja katikati ya jiji lilikwenda uswahilini likawa la mwaka mzima.

Na sisi tuliokulia pwani tulikuwa na karakana yetu. Msimu wa upepo ulipofika tulitengeneza vishada kwa gazeti kuukuu, njiti za makuti na gundi ya ugali. Hapakuwa na ada, wala mzazi wa kushika mkasi. Kishada kikigoma kupanda, unakifumua unaanza upya.

Darasa lile limetangazwa tena likizo hii. Nilimwuliza mwalimu kama wazazi wanaweza kubaki nje. Akacheka, akasema wengine watadai warudishiwe fedha zao. Binti yangu naye hajasema kama atakwenda. Ameniomba magazeti ya zamani tu, na mkasi wa nyumbani tangu Jumamosi hauonekani.